Waliosoma Hawakukosekana: Kiungani, Masasi na Kuchelewa Kukabidhi Kanisa

Vitabu vya jubilei za makanisa yetu vina simulizi moja inayojirudia. Wamisionari walikuja, wakafungua shule, wakawafundisha wenyeji kusoma, kisha kuhubiri, kisha kuongoza ibada. Wenyeji wakaendelea kukomaa taratibu, hata ilipofika miaka ya 1950 na 1960, nchi zikikaribia uhuru, wakawa wamefikia kiwango cha kukabidhiwa uaskofu. Kwa simulizi hiyo, uongozi wa Waafrika ulichelewa kwa sababu elimu ilichelewa. Ni maelezo yanayopendeza kwa kuwa hayamlaumu mtu: mwalimu alifanya kazi yake, mwanafunzi naye akafanya yake, na muda ukatimia. Lakini ukiyapima kwa kumbukumbu za makanisa yenyewe hayasimami. Katika pwani na bara ya Afrika Mashariki walikuwapo Waafrika waliosomea kazi ya kanisa, waliopewa daraja, na waliokwisha kuthibitisha uwezo wao shambani tangu miaka ya 1880. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni mamlaka: nani aamue, nani ashike hazina, nani asimikwe kuwa mkuu. Naamini kwamba elimu ya theolojia katika historia yetu imezaa viongozi pale tu ilipofuatana na kukabidhiwa kazi kamili, na kwamba pale ilipotengwa na makabidhiano hayo ilizaa wasaidizi, hata kama walisoma miaka mingi. Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Kiungani, Unguja, na katika nchi ya Masasi.

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wengi waliijua kwa herufi zake UMCA, ilitokana na wito alioutoa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Jaribio lao la kwanza, katika bonde la mto Shire kwenye nchi ambayo leo ni Malawi, liliishia msibani: Askofu Charles Mackenzie alikufa kwa homa mwaka 1862, na baadhi ya wenzake pia wakafa. Askofu wa pili, William Tozer, akachukua uamuzi uliolaumiwa sana kwao Uingereza. Aliondoka bara, akahamia Unguja mwaka 1864. Waliomlaumu walisema amekimbia. Yeye aliona kwamba Mzungu hawezi kulibeba bara kwa nguvu zake, na kwamba kazi ya huko itafanywa na Waafrika wakiandaliwa vizuri mahali penye amani na mawasiliano. Mwaka huohuo Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mdogo mwaka 1870, na mwaka 1879 akawa shemasi kamili. Tuuangalie mwaka huo wa 1879 kwa makini. Ukoloni ulikuwa bado haujafika, Berlin haijaitisha mkutano wake wa kugawana Afrika, na tayari Mwafrika aliyeingia misheni akiwa mtoto aliyenusurika utumwani alikuwa na daraja takatifu.

Chuo cha Mtakatifu Andrea kilisimama Kiungani, nje ya mji upande wa kusini. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa utumwani, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, ambao wengi hawakukumbuka njia ya kurudi kwao. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu cha simulizi za wavulana hao wakieleza wenyewe jinsi walivyotekwa na kuuzwa. Ni mojawapo ya kumbukumbu chache tulizonazo ambamo watoto waliopita katika biashara ile wanasema kwa sauti zao. Masomo yalikuwa Biblia, sala, hesabu, Kiingereza na Kiswahili, pamoja na kazi za mikono. Uchapaji ulikuwa na nafasi ya pekee, kwani misheni ilikuwa na mtambo wake na vijana ndio waliopanga herufi. Askofu Edward Steere, aliyemrithi Tozer mwaka 1874, alikuwa bingwa wa Kiswahili, na kazi yake ya kutafsiri Maandiko ilifanyika katikati ya watu waliokuwa wakiizungumza lugha hiyo na kumsahihisha. Kuanzia mwaka 1888 chuo kilitoa gazeti, Msimulizi, lililokusanya habari na barua kutoka kwa walimu na wahitimu waliotawanyika vituoni. Gazeti hilo linahesabiwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Kwa hoja yangu lina uzito mkubwa, maana linaonyesha kwamba wahitimu wa Kiungani walikuwa wakiandikiana, wakipeana taarifa za vituo vyao na kuifikiria kazi yao kwa maandishi. Hao ni watu wenye taaluma, wanaojitambua kuwa kundi moja lenye wito mmoja.

Katika kundi hilo alitoka Cecil Majaliwa. Alizaliwa Myao, akachukuliwa utumwani utotoni, akalelewa na kusomeshwa Kiungani, kisha akapelekwa Chuo cha Mtakatifu Augustino huko Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 Askofu Charles Smythies alimpa ushemasi na kumtuma Chitangali, katika nchi ya Wayao kusini mwa Tanzania ya leo, kwa mtawala Nakaam. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kufikia daraja hilo. Ili kuelewa ukubwa wa kazi yake ni lazima tukumbuke hali ya nchi. Masasi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1876, Steere alipowaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Unguja wakaanzishe kijiji huko. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa kule waliwaita Magwangwara, walikivamia kituo, wakaua na kuteka, na kijiji kikasambaratika. Majaliwa alikwenda katika eneo lililokuwa na jeraha hilo, akakaa takriban miaka kumi, bila boma la kumlinda. Alikuwa na uhusiano wake tu na mtawala wa mahali, familia yake, na ujuzi wa lugha na desturi. Kanisa la Chitangali lilikua mikononi mwake: shule, mafundisho ya ubatizo, mazungumzo na wazee, usuluhishi wa magomvi, yote yalipitia kwake. Smythies alikuwa askofu mwenye miguu myepesi, aliyezunguka dayosisi yake kubwa kwa kutembea, lakini hata yeye hakuweza kuonekana Chitangali ila mara chache. Kwa siku zilizobaki, paroko alikuwa Majaliwa, na hakuwa paroko wa jina tu.

Kwa mtiririko wa simulizi ile ya jubilei, tungetegemea kwamba baada ya mfano huo wangefuata akina Majaliwa kumi, kisha ishirini, na kwamba kufikia mwaka 1910 au 1920 mmoja wao angekuwa askofu wa kusini. Haikuwa hivyo. Majaliwa alirudi Unguja kabla karne haijaisha. Masasi ikaendelea kupata mapadre Waafrika, na wengine walikuwa watu wa uwezo mkubwa, lakini usukani ulihamia kwa Wazungu, ambao sasa walikuja kwa wingi zaidi. Sababu hazifichiki. Utawala wa Kijerumani ulikuwa umeifanya nchi ipitike, meli za mvuke zilikuwa zimeifupisha bahari, na dawa ya kwinini iliwasaidia wageni kustahimili homa. Ile hoja ya Tozer, kwamba Mzungu hawezi kukaa bara, ikaisha nguvu; na kwa kuwa Mwafrika alikuwa amepewa nafasi kwa sababu ya hoja hiyo, nafasi yake ikapungua ilipokwisha. Hapa ndipo naona udhaifu wa msingi katika mpango mzima. Uongozi wa Mwafrika ulitetewa kama dawa ya homa ya malaria, kama njia ya kubana gharama, kama daraja la kufikia mahali Mzungu asipofika. Walikuwapo waliouona kuwa ni haki ya kanisa la mahali kuongozwa na watu wake, lakini sauti yao haikuwa na nguvu ya kutosha.

Mambo hayohayo yalitokea mahali pengine katika kipindi kilekile, nayo yanatusaidia kuona kwamba Masasi haikuwa bahati mbaya ya mahali pamoja. Katika Afrika Magharibi, Samuel Ajayi Crowther aliwekwa askofu mwaka 1864, akadharauliwa na wamisionari vijana katika miaka yake ya mwisho, na alipokufa mwaka 1891 kiti chake kilipewa Mzungu. Huku kwetu, Freretown ya Mombasa, kijiji cha watumwa huru kilichoanzishwa na Chama cha Misheni cha Kanisa (CMS) mwaka 1875, ilipata nguvu zake za mwanzo kutoka kwa Waafrika waliosomeshwa India, kule Nasik. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Miezi michache baadaye Jones alikuwa safarini na askofu huyo kuelekea Buganda. Hannington alimwacha Jones mahali palipoitwa Kwa Sundu pamoja na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi Oktoba. Aliyewarudisha wapagazi waliobaki hadi Rabai, kwa njia ya nchi ambayo wasafiri wengi wa wakati ule waliiogopa, ni shemasi Jones. Mtu aliyeweza kuongoza msafara ulioshikwa na hofu na msiba kwa mwendo wa mamia ya maili hakuhitaji cheti kingine cha uongozi. Hata hivyo dayosisi ile iliendelea kwa miongo mingi kuwaweka Waafrika wa aina yake chini ya wageni, wakiwamo wenye umri mdogo na uzoefu mdogo kuliko wao.

Jaribio lenyewe la vita lilikuja mwaka 1914. Katika eneo la Wajerumani, wamisionari Waingereza wa UMCA walikamatwa na kuwekwa kizuizini, wakakaa huko hadi Wabelgiji walipoiteka Tabora mwezi Septemba 1916. Kanisa la Masasi na la Bonde likabaki kwa Waafrika. Wao nao hawakusalimika: walimu na viongozi wengi walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakafungwa, wakapigwa, na baadhi wakafa. Juu ya hayo zikaja njaa, uporaji wa majeshi na kusombwa kwa wanaume kuwa wapagazi. Lakini sala hazikukoma, watoto walibatizwa, wafu walizikwa kikristo. Baada ya vita, majina ya mapadre kama Samwil Sehoza wa Bonde, na Daudi Machina, Reuben Namalowe na Kolumba Msigala wa Masasi, yalitajwa kwa heshima. Upande wa Walutheri hali ilifanana, ila kwa kugeuzwa: wamisionari Wajerumani walifukuzwa kufikia mwaka 1920, na sharika za Kilimanjaro na Usambara zikashikwa na walimu na wainjilisti wenyeji, kwa msaada mdogo kutoka kwa wageni wachache. Mwaka 1939 vita vya pili vikarudia somo hilohilo. Mara mbili katika kizazi kimoja kanisa liliachwa mikononi mwa Waafrika bila maandalizi, na mara mbili halikuanguka. Mara zote mbili, hali ilipotulia, wageni waliorudi au waliokuja upya walichukua tena nafasi za juu kana kwamba wale walioshika kanisa wakati wa moto walikuwa walinzi wa muda.

Kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa kwa makini. Wapo wanaosema kwamba wahitimu wa mwanzo walikuwa wachache mno, kwamba wengine walianguka, na kwamba elimu yao ya imani haikuwa na kina cha kutosha kubeba kanisa. Ni kweli kwamba Kiungani ilipoteza vijana wengi. Kijana aliyejua kusoma, kuandika, hesabu na Kiingereza alikuwa lulu kwa serikali ya kikoloni na kwa makampuni ya biashara, na mshahara wa mwalimu wa misheni haukuweza kushindana na wa karani. Ni kweli pia kwamba waliadhibiwa watu kwa makosa ya ndoa, ya ulevi na ya fedha. Lakini pingamizi hili linathibitisha kinyume cha linachotaka kuthibitisha. Karani aliyeacha kazi ya misheni hakukosa elimu, kwani elimu yake ndiyo iliyomfanya atafutwe. Alichokikosa ni kazi yenye hadhi inayolingana na elimu hiyo. Mahali ambapo upeo wa juu wa Mwafrika ni kuwa msaidizi wa padre mgeni hadi uzeeni, si ajabu vijana wenye akili na nia wakatafuta mlango mwingine. Na kuhusu kina cha imani, historia haitupi ushahidi kwamba miaka ya darasani ndiyo kipimo chake. Apolo Kivebulaya wa Uganda alibatizwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata alikuwa ameshavuka kwenda Mboga, Kongo, kuhubiri. Ushemasi aliupata mwaka 1900 na upadre mwaka 1903, akadumu katika kazi hiyo hadi kifo chake mwaka 1933. Kanisa la Anglikana la Kongo linamtaja kuwa baba yake. Masomo yake rasmi yalikuwa mafupi kuliko ya mwanafunzi wa cheti leo.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa Kanisa Katoliki, kwa sababu pale mafunzo marefu yanaonekana kuwa ndiyo yaliyoleta ushindi. Mapadre Weupe nchini Uganda walikataa njia ya mkato. Seminari ya Bukalasa ilianza mwaka 1893, seminari kuu ya Katigondo ikafuata mwaka 1911, na mwanafunzi alitakiwa ajue Kilatini, falsafa na theolojia kama mwenzake wa Ulaya, na kukubali useja. Wengi waliingia, wachache wakafika. Mapadre wawili wa kwanza, Basil Lumu na Victor Womeraka, walipewa daraja Villa Maria mwezi Juni 1913, baada ya takriban miaka ishirini ya malezi. Katika nchi ambayo leo ni Tanzania, mapadre wanne wa kwanza wazalendo walipatikana mwaka 1917. Na katika njia hiyohiyo ndefu alipita Joseph Kiwanuka, aliyewekwa askofu na Papa Pius XII mjini Roma mwaka 1939, na Laurean Rugambwa wa Bukoba, padre mwaka 1943, askofu mwaka 1952, na mwaka 1960 kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Mtu anaweza kusema: tazama, wavumilivu walifika, na walifika mbali. Sibishani na ubora wa malezi yale. Nawaheshimu walioyabuni, hasa Askofu Henri Streicher, ambaye aliyashikilia huku wenzake wengi wakiona anapoteza nguvu. Ninachouliza ni hiki: kwa nini tunda la kwanza la uaskofu lilitoka Masaka, ilhali seminari zilikuwa zikifunguliwa katika vikarieti nyingi za Afrika kwa mtaala unaofanana? Jibu liko katika jambo lililofanyika mwaka 1934. Mwaka ule eneo la Masaka lilikabidhiwa mapadre wazalendo waliendeshe wenyewe, parokia kwa parokia, na Mapadre Weupe wakaondoka. Kiwanuka alipoteuliwa miaka mitano baadaye, alikuta jimbo ambalo watu wake walikwisha kujifunza kushika hesabu, kuhamisha mapadre, kusimamia shule na kubeba lawama. Kilatini cha Katigondo kilifundishwa pia kwa vijana wa maeneo mengine, nao wengi wao walitumika miaka mingi chini ya wakubwa wageni. Tofauti ya Masaka ilikuwa makabidhiano.

Uganda hiyohiyo inatupa mfano wa upande wa Anglikana, ambao nautaja kwa ufupi kwa kuwa haukufikia mwisho wake. Askofu Alfred Tucker alianza kutoa daraja kwa Waganda mwaka 1893, na kuanzia mwaka 1897 akapendekeza katiba ambayo ingewaweka wamisionari na Waafrika katika sinodi moja, chini ya sheria moja. Wamisionari wake wenyewe ndio waliompinga, wakiogopa kuwekwa chini ya maamuzi ya wenyeji. Katiba ilipatikana mwaka 1909, ikiwa imepunguzwa makali. Chuo cha Mukono, kilichopewa jina la Tucker, kilianza mwaka 1913 na kikawalea makasisi wa nchi nzima; lakini Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika kanisa hilo, Aberi Balya, alingojewa hadi mwaka 1947. Chuo kilikuwapo na sinodi ilikuwapo. Kilichobaki nyuma ni ile hatua ambayo Tucker aliitaka na wenzake wakaikataa.

Wanaotetea mwendo wa polepole wana hoja moja iliyobaki, na kwa sehemu nakubaliana nayo. Wanasema kumkabidhi mtu bila kumtegemeza ni kumtelekeza. Chitangali inaonyesha ukweli huo: padre mwenye familia, mbali na pwani, akitegemea posho ya misheni, bila mwenzake wa karibu wa kushauriana naye, hawezi kuombwa adumu milele kwa moyo wake peke yake. Lakini dawa ya utelekezaji ni kumtegemeza aliyekabidhiwa, na haiwezi kuwa kumnyang'anya. Tena waumini wenyewe hawakungoja. Katika nchi ya Wakikuyu, baada ya mgogoro wa tohara ya wasichana wa mwaka 1929, jumuiya zilizojitenga na misheni zilijenga shule na makanisa yao, kisha zikakuta hazina mtu mwenye daraja la kubatiza na kutoa ushirika. Hazikwenda kuomba kwa wamisionari. Zilimwita Daniel William Alexander, askofu wa Kanisa la Kiothodoksi la Kiafrika kutoka Afrika Kusini, ambaye alifika Kenya mwaka 1935, akafungua seminari ndogo Gituamba, Murang'a, akawafundisha vijana, na mwaka 1937 akawapa daraja kabla ya kuondoka. Mafunzo yale yalikuwa mafupi, na mtu anaweza kuyakosoa kwa mengi. Hata hivyo baadhi ya matawi ya kazi ile yaliungana baadaye na Upatriaki wa Kigiriki wa Aleksandria, na Waothodoksi wa Kenya leo wanahesabu mwanzo wao hapo. Seminari ya miaka miwili isiyokamilika ilitoa kanisa linalodumu kwa sababu waliofundishwa walirudi kwa watu waliowasubiri wawaongoze.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vyuo viliongezeka na kuimarika, na sina sababu ya kuidogosha hatua hiyo. Shule ya theolojia ya CMS ilikuwa imeshahama kutoka Freretown kwenda Limuru mwaka 1930. Mwaka 1955 ikawa chuo cha pamoja cha Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, na leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Walutheri wa Tanganyika walianzisha shule yao Lwandai, Usambara, mwaka 1947, wakaihamishia Makumira, karibu na Arusha, mwaka 1954. Mkutano wa Baraza la Kimataifa la Misheni uliofanyika Ghana mwishoni mwa 1957 na mwanzoni mwa 1958 uliunda Mfuko wa Elimu ya Theolojia, uliosaidia maktaba, majengo na walimu katika Afrika na Asia. Wakati huo maaskofu Waafrika walianza kuonekana kwa haraka: mwezi Mei 1955 Askofu Mkuu wa Canterbury aliwaweka wakfu wanne kwa pamoja pale Namirembe, akiwamo Yohana Omari wa Tanganyika, na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya. Wote hao waliwekwa kuwa wasaidizi wa maaskofu Wazungu. Hebu tulinganishe tarehe. Omari na wenzake hawakuwa zao la Mfuko wa Ghana, wala la digrii za Limuru. Walikuwa wa kizazi cha walimu na makasisi waliosomea vyuo vidogo vya zamani. Elimu iliyowafanya wastahili uaskofu mwaka 1955 ilikuwapo mwaka 1935. Kilichobadilika kati ya tarehe hizo ni siasa: India imepata uhuru, Mau Mau inawaka, Tanganyika imepata TANU. Kanisa lilikabidhi pale dola ilipokuwa inakaribia kukabidhi, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa taasisi iliyokuwa na sababu zake yenyewe, za ndani ya Injili, za kutangulia.

Masasi ilingoja zaidi. Kiti cha dayosisi hiyo kilikaliwa na Mwafrika kwa mara ya kwanza mwaka 1968, Trevor Huddleston alipoondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Gayo Hilary Chisonga. Tangu Cecil Majaliwa apewe upadre na kuendelea kuishika Chitangali, ilikuwa imepita miaka 78. Hakuna mtaala unaohitaji miaka 78.

Nasema haya yote kwa sababu swali halijafungwa. Leo Makumira, Mukono na Limuru ni vyuo vikuu, na wakuu wake ni Waafrika. Lakini nenda kwenye kigango, kwenye mtaa wa usharika, kwenye kanisa la makuti lililo mwendo wa nusu siku kutoka kwa mchungaji: utamkuta katekista au mwinjilisti anayehubiri, anayezika, anayefundisha kipaimara, anayepatanisha wanandoa, kwa mafunzo ya miezi michache na posho ambayo mara nyingi haifiki. Huyo ndiye Majaliwa wa sasa. Mpango wa Elimu ya Theolojia kwa Enezi, uliobuniwa Guatemala miaka ya 1960 na kufika kwetu muongo uliofuata, ulikusudia kumfikia mtu wa namna hii pale alipo, asome huku akitumika, na katika baadhi ya dayosisi umefanya kazi nzuri. Shida ni kwamba anapomaliza vitabu vyote hubaki katika cheo kilekile, bila kura katika maamuzi ya fedha, na mchungaji kijana mwenye digrii hupangiwa juu yake. Tumerithi majengo ya wamisionari, tumerithi pia tabia yao ya kumwona anayeshika kanisa kuwa mlinzi wa muda.

Kwa hiyo nawaomba maaskofu, wakuu wa vyuo na mabaraza ya sinodi wafanye mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Habari za Kiungani, Chitangali, Masaka na Gituamba ziingizwe katika masomo ya historia ya kanisa, zifundishwe kwa majina na tarehe, ili mwanafunzi wa theolojia ajue kwamba waliomtangulia hawakuwa wachanga. Na kila anayepelekwa kusoma, awe wa cheti au wa digrii, apewe kabla ya kumaliza mahali pa kuongoza kwa kweli, pamoja na kitabu cha hesabu, mihuri na haki ya kuamua. Na wainjilisti na makatekista waliokwisha kuongoza miaka kumi wakae katika vikao vinavyopanga matumizi ya sadaka wanazozikusanya.